Kila Bingwa na Maji Yake

Asubuhi ya tarehe 12 Februari 2024 nilishuka Langoni, mtaa wa hapa Amu, yaani Lamu, kununua mahamri, nikaikuta baraza yetu kimya. Kahawa imeshamiminwa, vikombe vimejaa, hakuna anayekunywa. Usiku ule Kelvin Kiptum alikuwa amekufa barabarani upande wa Kaptagat, yeye na kocha wake Gervais Hakizimana. Miaka 24. Ilikuwa imepita miezi minne tu tangu akimbie marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, mwendo ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia katika mbio rasmi.

Amu hatuna milima ya mazoezi. Tuna mchanga, vichochoro na punda, na kijana wa hapa akijaliwa nguvu za miguu na mapafu, mara nyingi huishia kuzitumia baharini. Hata hivyo tulimlia Kiptum kama mtoto wa mtaa. Mzee mmoja wa msikitini, ambaye sijawahi kumsikia akitaja riadha, aliuliza mara mbili kama marehemu aliacha watoto. Alipoambiwa wawili, akaweka kikombe chini na kuondoka.

Siku tatu baadaye, tarehe 15, Henry Rono naye akafariki Nairobi, akiwa na miaka 72. Safari hii baraza haikunyamaza. Kijana mmoja, mwendesha boti, aliinua uso kutoka kwenye simu akauliza, kwa nia safi kabisa:

“Rono ndiye nani?”

Nilihisi kama mtu amenichoma mwiba. Sikumkasirikia yeye, maana alizaliwa baada ya mwaka 2000 na hakuna aliyemfundisha. Kilichoniuma ni kwamba ndani ya wiki moja nchi ilikuwa imepoteza wakimbiaji wawili wa daraja la juu kabisa, mmoja tukamlia, wa pili tukahitaji kuelezwa. Basi nikaeleza. Nikaeleza vibaya, kwa pupa, nikarukaruka. Hapa nataka kueleza vizuri.

Mwaka 1978, ndani ya siku 81, Rono alivunja rekodi nne za dunia. Tarehe 8 Aprili, Berkeley, California, alikimbia mita 5,000 kwa 13:08.4. Tarehe 13 Mei, Seattle, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, 8:05.4. Tarehe 11 Juni, Vienna, mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 22. Tarehe 27 Juni, Oslo, mita 3,000 bila viunzi, 7:32.1. Mwaka uo huo akabeba dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton na mbili nyingine katika Michezo ya Afrika kule Algiers. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu jimbo la Washington, Marekani.

Ukitafuta jina lake kwenye orodha ya medali za Olimpiki, humpati. Mwaka 1976 Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia michezo ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii Moscow, kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Umri wake wote wa kushinda ulitumbukia katikati ya milango miwili iliyofungwa. Ndiyo maana mtu akiniambia tuwapime mabingwa kwa hesabu ya medali, humuuliza kwanza: na Rono utamweka wapi?

Kijana wa boti hakuwa mtu wa kuhesabu medali. Yeye aliamini saa. Alipekua simu yake akapata kwamba mita 3,000 ilikuwa bado mikononi mwa Daniel Komen, 7:20.67, ya mwaka 1996. Akapiga hesabu palepale. Kati ya Rono na Komen kuna zaidi ya sekunde 11. Kwa mwendo ule, Komen akivuka mstari, Rono yuko nyuma zaidi ya mita 70.

“Sasa huyo bingwa gani, kaka?” akaniuliza. “Leo kwenye mita 5,000 Joshua Cheptegei wa Uganda ana 12:35. Rono angekuwa nusu ya mzunguko wa uwanja nyuma yake. Tusidanganyane. Wa zamani walikuwa wazuri kwa wakati wao, lakini wa leo ni wazuri zaidi.”

Hoja yake ina nguvu. Saa haimjui mtu, haina kabila wala kumbukumbu tamu za ujana. Wazee wa baraza walimrukia kwa kelele, lakini kelele si jibu.

Jibu lilitoka kwa ami yangu, kaka wa marehemu baba. Ami alikuwa nahodha, na kwa miaka mingi alishindana katika mbio za majahazi na mashua hapa kwetu. Hakuwahi kukimbia mbio za miguu, na ninavyoamini hajawahi kushika saa ya mchezo maishani mwake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza yule kijana:

“Mwanangu, siku hiyo ilikuwa pepo gani?”

Watu wakacheka. Ami hakucheka. Alikuwa anataka kujua.

Kwa aliye mbali na bahari, nieleze. Mbio zetu za vyombo hufanyika hapa kwenye mkondo baina ya Amu na Manda, na siku za sherehe ufuo mzima hujaa watu, wengine juu ya mapaa. Vyombo hutweka matanga pamoja na kuzunguka maboya. Anayerudi wa kwanza ndiye mshindi. Hakuna anayeuliza ametumia dakika ngapi, kwa sababu dakika hazisemi kitu. Chombo kilekile, mabaharia walewale, njia ileile: leo kaskazi, upepo wa kaskazini, inavuma sawasawa na maji yanajaa, mnakwenda kama mshale, wiki ijayo upepo unakufa katikati na maji ya bamvua yanapwa kwa nguvu, na mnatumia muda maradufu. Nahodha wa siku ya pili huenda alikuwa bora kuliko wa siku ya kwanza, na bora kwa mbali. Saa ingemdhulumu.

Nimewahi kupanda chombo cha Ami katika mbio, mara moja, nikiwa na miaka 17, kazi yangu ikiwa kuhamisha viroba vya mchanga vya kusawazisha chombo. Mpaka leo nakumbuka jinsi tulivyokaribia boya la juu. Chombo kimelala ubavu, maji yanapita juu ya ukingo wa chini, mabaharia wanne wameketi nje kabisa juu ya ubao uliotokezwa upande wa joshi, upepo unakotoka, miguu inaning'inia juu ya bahari, wanatumia uzito wa miili yao kukizuia kisipinduke. Ami yuko tezini, nyuma ya chombo. Haangalii boya. Haangalii hata tanga. Anaangalia ngozi ya maji mbele, pale yanapokuwa meusi kwa mikunjo midogomidogo, maana hapo ndipo upepo unapoonekana kabla haujafika. Demani, kamba ya kuongozea tanga, ameizungusha mkononi mara moja tu, si mara mbili, ili aweze kuiachia. Kidole gumba chake cha kulia hakina ukucha. Kamba iliuchukua kabla sijazaliwa.

Akasema neno moja, na watu wote wakainama kwa pamoja. Ubao ukavutwa, foromali, boriti inayobeba tanga, ikahamishiwa upande wa pili wa mlingoti, tanga likapiga kelele kama bunduki, nami nikaburura viroba ngamani, chini tumboni mwa chombo, huku magoti yananichubuka. Tulipoinuka, chombo kilichokuwa mbele yetu kilikuwa nyuma. Walikuwa wamegeuza mapema kidogo, wakaingia kwenye maji mapana yasiyo na upepo, wakasimama. Kutoka pale mpaka mwisho sisi tulikwenda peke yetu.

Sijui tulitumia muda gani. Ninachokijua ni kwamba vyombo vyote vilipata upepo uleule na maji yaleyale, na Ami aliviacha.

Kwa hiyo swali lake kwa kijana lilikuwa swali la mtu wa kazi. Alipouliza ilikuwa pepo gani, alikuwa anauliza: hao watu wenu wawili walikimbia juu ya nini, wamevaa nini, nani alikuwa mbele yao kukata upepo, na walikuwa wamekula nini? Na majibu yapo.

Chukua Jesse Owens. Mwaka 1936 Berlin alishinda mita 100 kwa sekunde 10.3. Usain Bolt, mwaka 2009, katika mji uleule, alikimbia 9.58. Lakini Owens alikimbia kwenye njia ya majivu ya makaa, na kabla ya kuanza alichimba vishimo viwili kwa mwiko mdogo ili apate mahali pa kukanyagia, kwa kuwa vile vitu vya kusukumia miguu havikuwa vimeruhusiwa kwenye Olimpiki. Bolt alisukuma kutoka kwenye chuma, juu ya mpira uliotengenezwa kwa kusudi hilo tu. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Rome mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, ikawa rekodi ya dunia. Wakimbiaji wa marathoni wa leo wana povu nene chini ya wayo, na ndani ya povu bamba la kaboni, na kanuni zimelazimika kuweka kikomo: milimita 40, usizidi. Huwezi kuchukua zile karibu dakika 15 zinazowatenganisha Bikila na Kiptum ukasema zote ni za miguu ya Kiptum. Nyingine ni za kiwanda, nyingine za barabara tambarare iliyochaguliwa kwa makusudi, nyingine za waweka kasi, wale wanaokimbia mbele kumvuta mwenzao.

Hili la waweka kasi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 12 Oktoba 2019, Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa 1:59:40. Haikuandikwa kama rekodi kwa sababu waweka kasi walikuwa wakipokezana makundi kwa makundi, wakimkatia upepo. Nililia siku ile, na leo ningelia tena. Lakini kanuni ilikuwa sahihi. Chombo kilichovutwa na boti hakijashinda mbio za matanga, hata kama nahodha wake ndiye bora pwani nzima.

Na Kipchoge ndiye nahodha bora niliyewahi kumwona. Watu husahau alikotokea. Mwaka 2003, mashindano ya dunia ya Paris, fainali ya mita 5,000, alikuwa kijana wa miaka 18. Katika mita za mwisho alikuwa na Hicham El Guerrouj wa Moroko upande mmoja na Kenenisa Bekele wa Ethiopia upande mwingine. Kipchoge 12:52.79, El Guerrouj 12:52.83, Bekele 12:53.12. Wote watatu ndani ya theluthi ya sekunde. Miaka 19 baadaye, mwaka 2022, kijana yuleyule akakimbia marathoni ya Berlin kwa 2:01:09.

Mbio kama ile ya Paris ndiyo daraja la pekee la kuaminika kati ya enzi na enzi. Manahodha wetu hulinganishwa hivyohivyo. Mtu akidai fulani wa zamani alikuwa bora kuliko fulani wa sasa, wazee hutafuta wa katikati: nani aliwahi kushindana na wote wawili? Alipokuwa kijana alishindwa na yule kwa umbali gani? Alipozeeka alimshinda huyu kwa shida gani? Wanafuata mnyororo huo mpaka unakatika, na ukikatika wananyamaza. El Guerrouj ana rekodi ya mita 1,500, 3:26.00, aliyoiweka Rome tarehe 14 Julai 1998, na haijavunjwa, licha ya viatu vipya na taa za uwanjani zinazomwonyesha mkimbiaji mwendo anaoutaka. Basi kumshinda El Guerrouj mwaka 2003, mguu kwa mguu, ni ushahidi ambao saa haiwezi kuutoa.

Ndiyo sababu kifo cha Kiptum kilituacha na njaa isiyoshibishwa. Yeye na Kipchoge hawakuwahi kukutana kwenye marathoni hata siku moja. Nchi moja, miaka ileile, viatu vya kizazi kimoja, na bado mnyororo haupo. Aprili 2023 Kiptum alikimbia London kwa 2:01:25 akafuta rekodi ya njia ile ambayo Kipchoge alikuwa ameiweka. Oktoba akafuta rekodi ya dunia ya Kipchoge kwa sekunde 34, ambazo barabarani ni kama mita 200. Sote tulikuwa tukingoja Olimpiki ya Paris ya 2024 tuwaone wakisimama mstari mmoja. Kama watu wawili wa wakati mmoja wanaweza kupishana hivi, basi shida si miaka peke yake.

Sasa niseme jambo ambalo wazee wangu hawatalipenda.

Swali la Ami linakata pande zote mbili. Wanaolitumia kuwatetea mabingwa wa zamani lazima wakubali kwamba upepo wakati mwingine uliwavumia vizuri. Kipchoge Keino (si Eliud) ni baba wa riadha yetu, na ushindi wake wa mita 1,500 kule Mexico City mwaka 1968 ni hadithi ambayo kila mtoto wa Kenya anaijua: tumbo linamsumbua kwa maradhi ya nyongo, ameanguka kwenye mbio za mita 10,000, na bado anarudi na kumwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma karibu mita 20. 3:34.9 dhidi ya 3:37.8. Ben Jipcho alijitoa, akavuta mzunguko wa kwanza kwa kasi kubwa ili Ryun asipate nafasi ya kungoja. Hayo yote ni kweli, na yote ni ya kishujaa. Lakini Mexico City iko mita 2,240 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba. Keino alizaliwa na kukulia kwenye hewa ya namna hiyo, Ryun hakuzaliwa humo. Kaskazi ilikuwa ya Keino siku ile.

Kinachomfanya Keino bingwa machoni pangu ni Munich, miaka minne baadaye, chini kwenye hewa nzito. Pale alipata fedha kwenye mita 1,500 nyuma ya Pekka Vasala wa Finland, kisha akashinda mbio za kuruka viunzi na maji, mchezo ambao hakuwa na uzoefu nao. Jipcho akawa wa pili. Nahodha anayeshinda kaskazi na kusi, huyo simbishii.

Jambo la pili ni wingi wa washindani. Ami mwenyewe hukiri kwamba kulikuwa na miaka ambayo walishindana vyombo vinne tu, kwa kuwa vingine vilikuwa safarini au vimepandishwa juu. Ukiwa wa kwanza kati ya wanne na ukiwa wa kwanza kati ya kumi na wanne si jambo moja. Riadha nayo ilikuwa hivyo. Kwa miaka mingi mlango wa Olimpiki ulikuwa wa wachache, na nusu ya dunia ilizuiwa mlangoni kabisa. Hapa sizungumzi tena mambo ya vitabuni.

Dada yangu alinitangulia kwa miaka miwili. Alikuwa na mwendo ambao sijauona kwa mtu mwingine katika kisiwa hiki. Tulikuwa tukishindana alasiri, maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu wa kuelekea Shela, na alinishinda tangu nilipoweza kukimbia mpaka siku alipoacha. Hakukanyaga kwa kishindo. Ukikimbia nyuma yake ulisikia kama mtu anayepigapiga unga wa chapati kwa kiganja. Mwaka mmoja sote wawili tulikwenda kwenye mashindano ya shule. Mimi nilikimbia mita 1,500 nikawa wa kwanza. Mwalimu aliyekuwa na saa alikuwa anaongea na mtu, akabonyeza tulipokwisha kuvuka, kwa hiyo muda wangu haukuandikwa. Nilisononeka wiki nzima. Dada yangu hakuandikwa kabisa, si muda wala jina. Aliambiwa mita 1,500 hazina wasichana mwaka ule, akimbie mita 100 au akae. Mita 100 hazikuwa zake. Akakaa.

Nilipokuja kusoma nikagundua kwamba alichofanyiwa dada yangu kwenye uwanja wa mchanga kilikuwa na historia ndefu. Mwaka 1928 kule Amsterdam wanawake walikimbia mita 800 kwenye Olimpiki, kisha mbio hizo zikaondolewa, zikarudi Rome mwaka 1960. Mita 1,500 za wanawake hazikuwapo mpaka Munich 1972. Marathoni yao ikangoja mpaka Los Angeles 1984. Mita 5,000 zilianza Atlanta 1996, na palepale, mara ya kwanza mlango ulipofunguliwa, Pauline Konga akachukua fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya. Naftali Temu alikuwa ameiletea nchi dhahabu ya kwanza mwaka 1968. Ya kwanza ya mwanamke, ya Pamela Jelimo kwenye mita 800 kule Beijing, ilikuja 2008. Miaka 40 katikati.

Kwa hiyo ninapomtazama Faith Kipyegon na dhahabu zake tatu mfululizo za mita 1,500, Rio, Tokyo na Paris, na mtu akaniuliza kama ndiye bora wa enzi zote, najibu ndiyo, bila kusita. Lakini moyoni najua mshindani wake wa enzi za nyuma hayupo kwenye orodha yoyote. Alikaa. Huenda alikaa Iten, huenda Arusha, na mmoja namjua kwa jina, anaishi mtaa wa Mkomani hapa Amu na ana wajukuu.

Turudi kwa Rono, maana ndiye aliyeanzisha haya, na ndiye chaguo langu. Sababu yangu si kwamba angemshinda Komen. Nampima kwa umbali aliowaacha watu waliopata upepo wake, na kwa muda ambao maji yalibaki matulivu nyuma yake. Rekodi yake ya kuruka viunzi na maji ilidumu miaka 11. Ilipovunjwa, mwaka 1989 Stockholm, Peter Koech alikimbia 8:05.35. Ya Rono ilikuwa 8:05.4, iliyopimwa kwa saa ya kubonyezwa kwa mkono. Itazame vizuri tofauti hiyo. Saa ya mkono huishia kwenye sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ya umeme inafika kwenye mia. Kwenye karatasi wanatenganishwa na sehemu tano za mia, chini ya kufumba jicho. Miaka 11 ya viwanja bora, mazoezi bora na fedha za mashindano ilileta kufumba jicho tu. Rekodi yake ya mita 3,000 nayo ilingoja mwaka uleule wa 1989, mpaka Said Aouita wa Moroko alipokimbia 7:29.45.

Na zile nne ni za aina nne. Anayevunja rekodi ya mita 10,000 huwa ana mwili na subira yake. Wa mita 3,000 ana kasi. Wa viunzi lazima aruke na kutua majini bila kupoteza mwendo. Rono alizibeba zote kwa miezi mitatu isiyotimia, huku akisoma na kusafiri kutoka bara hadi bara. Sijamwona mwingine aliyefanya hivyo, wa kabla yake wala wa baada yake. Maisha yake ya baadaye yalikuwa na mashaka mengi, pombe na umaskini ugenini, na hayo hayapunguzi hata sekunde moja.

Yote haya nilimwambia Ami jioni ya tarehe 15, baada ya kijana wa boti kwenda zake. Tulibaki wawili barazani. Alinitaka nimsomee tena zile tarehe, polepole, nikamsomea kutoka kwenye simu: nane Aprili, kumi na tatu Mei, kumi na moja Juni, ishirini na saba Juni. Alizihesabu kwenye vidole vya mkono wa kulia, akianza na kile kisicho na ukucha.

“Hiyo ni masika na kusi,” akasema.

Nikasema ndiyo, kwa huku kwetu.

“Mwaka huo, sabini na nane, nilikuwa Matondoni. Chombo tumekipandisha yuu, natia kalafati kuziba nyufa za mbao, tunangoja bahari ifunguke.” Akatazama upande wa Manda, ambako taa zilikuwa zimeanza kuwaka. “Mimi sikumaliza ubavu moya. Yeye ameshatwaa nne.”

Akaniomba nimwandikie lile jina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.